Sifa za Bandari na Majina ya Watu: Historia ya Jarida la P.L.A. Monthly la London

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna taasisi ya bandari inavyolitumia jarida lake kulisifu eneo lake, watu wake na nafasi za kazi na biashara zipatikanazo humo. Mfano uliochaguliwa ni P.L.A. Monthly, jarida la kila mwezi lililoanzishwa na Mamlaka ya Bandari ya London mnamo Novemba 1925. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la Kiingereza, lililohusu mto Thames, lijadiliwe mahali ambapo kwa kawaida hujadiliwa lugha na fasihi za Kiafrika. Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya utajiri uliosifiwa katika bandari ile ilitoka Afrika Mashariki: pembe za ndovu, karafuu, kahawa na katani vilifika London kutoka Zanzibar, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Ya pili ni kwamba jarida la bandari ni aina ya maandishi ambayo imezoeleka sasa katika mwambao wa Afrika Mashariki pia, na ni vigumu kuipima aina hiyo bila ya kuangalia mfano wake mmoja wa awali.

Swali linaloongoza uchunguzi huu ni hili: jarida linapodai kuwatetea watu wa eneo lake, ni nani hasa wanaohesabiwa kuwa watu wa eneo hilo? Hoja itakayotolewa ni kwamba jarida la bandari huwa mtetezi mwaminifu wa mahali na wa shehena, lakini huwatetea watu kwa kadiri tu wanavyoweza kuingizwa katika sifa za mahali hapo. Watu wa bandari walipotaka kujulikana kwa majina yao na kwa madai yao, iliwabidi watafute ukumbi mwingine.

Kuzaliwa kwa Mamlaka na jarida lake

Kwa karne nyingi meli zilizofika London zilitia nanga katikati ya mto, na shehena ikashushwa kwa matishari. Mwishoni mwa karne ya 18 msongamano na wizi vilikuwa vimezidi, na wafanyabiashara wakaamua kuchimba magudi, yaani mabwawa makubwa yaliyozungushiwa kuta, ambamo meli huingia kwa kupitia malango ya maji na kuelea kwa kina kile kile hata mto unapokupwa. Gudi la West India lilifunguliwa 1802, la London 1805, la East India 1806 na la St Katharine 1828. Meli zilipozidi ukubwa, magudi mapya yalichimbwa zaidi kuelekea mashariki: Royal Victoria mwaka 1855, Millwall 1868, Royal Albert 1880, na Tilbury 1886, ambalo liko mbali kabisa na mji, karibu na mahali mto unapopanuka kuingia baharini.

Magudi hayo yalijengwa na kampuni mbalimbali, na kampuni hizo zilishindana mpaka zikadhoofishana. Tena, sheria za zamani ziliyaruhusu matishari kuingia magudini bila ya kutozwa ushuru, hivyo shehena nyingi ilipakuliwa ndani ya gudi na kupelekwa moja kwa moja kwenye maghala ya watu binafsi yaliyokuwa kando ya mto. Kampuni zikabaki na gharama, na faida ikaenda kwa wengine. Ilipofika mwanzo wa karne ya 20 hazikuwa na uwezo wa kuchimba mto wala kujenga upya. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya 1908, na tarehe 31 Machi 1909 Mamlaka ya Bandari ya London ikachukua magudi yote pamoja na usimamizi wa mto wenyewe, kuanzia Teddington hadi kwenye mlango wa bahari.

Yafaa ieleweke kwamba Mamlaka hii haikuwa kampuni ya wenye hisa wanaotafuta faida. Ilikuwa chombo cha umma. Hata hivyo baraza lake lilichaguliwa kwa sehemu kubwa na wale waliolipa ushuru wa bandari, yaani wenye meli na wafanyabiashara, na mwenyekiti wake wa kwanza, Lord Devonport, alikuwa mtu aliyetajirika kwa biashara ya chai na vyakula. Katika enzi yake gudi la King George V lilifunguliwa 1921, na mwaka uliofuata waziri mkuu David Lloyd George akafungua makao makuu ya fahari katika uwanja wa Trinity Square, karibu na ngome ya Tower of London. Lord Devonport aliondoka 1925 na nafasi yake ikachukuliwa na Lord Ritchie wa Dundee, ambaye alikaa hadi 1941. Ni katika mwaka huo wa mabadiliko, 1925, ambapo P.L.A. Monthly ilianza kuchapishwa, chini ya mhariri A. G. Linney.

Mpangilio huu wa matukio si wa kupuuzwa. Jarida lilizaliwa baada ya Mamlaka kukamilisha ujenzi mkubwa uliogharimu fedha nyingi, katika miaka ambayo biashara ya dunia ilikuwa ikisuasua baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na bandari nyingine, za Uingereza na za bara la Ulaya, zikiwania meli zile zile. Gudi lililochimbwa ni lazima lipate meli, na ghala lililojengwa ni lazima lipate shehena. Sifa basi zilikuwa na kazi ya kufanya.

Namna ya kusifu

Mtindo wa kusifu bandari katika jarida la namna hii unaweza kugawanywa katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni sifa za mahali. Mto hupewa nasaba: hutajwa Warumi walioanzisha mji, wafalme waliopita kwa mashua, mabaharia waliong'oa nanga pale kwenda kutafuta nchi za mbali. Linney mwenyewe alikuwa hodari katika jambo hili, na vitabu vyake, mathalan The Lure and Lore of London's River cha 1932, vinaonyesha mtu aliyeupenda mto kwa dhati na kuyajua magati yake, vichochoro vyake na ngazi zake za mawe moja moja. Alikuwa pia mpiga picha, na picha zake za mto na kazi zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa London.

Sehemu ya pili ni sifa za shehena. Hapa jarida huhesabu: sufu, chai, mbao, tumbaku, sukari, nafaka na nyama ya kugandishwa. Kila bidhaa ilikuwa na mahali pake pa kujulikana. Mbao zilikwenda kwenye magudi ya Surrey Commercial, kusini ya mto. Mazulia, hariri, chai na bidhaa nyingine za thamani ziliwekwa katika maghala ya Cutler Street, ndani kabisa ya mji. Katika gudi la London palikuwa na ghorofa maalumu ya pembe za ndovu. Picha za ghorofa hiyo zimechapishwa mara nyingi, na ndani yake pembe zinaonekana zimelazwa sakafuni kwa safu, ili wanunuzi wazikague kabla ya mnada.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kuziangalia picha hizo kwa jicho lake. Katika karne ya 19 pembe za namna hiyo zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, zikashuka pwani hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Zanzibar, na kutoka huko zikapakiwa merikebuni. Zilipofika sakafuni London zilikuwa na uzito, daraja na bei. Watu waliozibeba hawakuwamo tena katika hesabu. Jambo hili halikusababishwa na uovu wa mhariri yeyote. Ndivyo sifa za shehena zilivyo, kwamba huanza pale bidhaa inapoingia katika daftari la ghala, na kilichotangulia hubaki nje ya habari.

Sehemu ya tatu ni sifa za nafasi. Mwenye meli huambiwa kwamba maji yana kina cha kutosha. Mfanyabiashara huambiwa kwamba reli inafika ghalani. Mwenye kiwanda huambiwa kwamba kuna ardhi kando ya gudi. Kwa hiyo yule anayesemeshwa na jarida ni mtu aliye nje ya eneo, ambaye anatakiwa aje, alete meli au mtaji. Watu walio ndani ya eneo huzungumziwa kama sehemu ya mema atakayoyakuta. Ni wastadi, ni wazoefu, ni warithi wa kazi ya baba na babu zao. Sifa hizi zaweza kuwa za kweli kabisa, na mara nyingi zilikuwa za kweli. Lakini wenye kusifiwa si wao waliokuwa wakisemeshwa.

Watu wa magudini

Ili kupima sifa hizo ni lazima kueleza hali ya kazi ilivyokuwa. Wengi wa watu wa magudini London walikuwa vibarua. Asubuhi, na tena mchana, walikusanyika mbele ya lango, na msimamizi akachagua aliowataka kwa kuwanyooshea kidole. Waliobaki walirudi nyumbani bila ya chochote. Neno la Kiswahili kibarua lafaa sana hapa, na asili yake ina funzo. Ni udogo wa neno barua, na linatokana na kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kama ushahidi wa kudai ujira wake. Polepole jina la kikaratasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu. Kwa hiyo mtu akaitwa kwa karatasi yake, na karatasi yenyewe ilidumu siku moja.

Mnamo Agosti 1889 watu hao waligoma kwa muda wa wiki tano, wakidai peni 6 kwa saa. Viongozi wao walikuwa Ben Tillett, Tom Mann na John Burns, na Kadinali Manning akasaidia kupatanisha. Msaada mkubwa wa fedha uliwafikia kutoka Australia, na madai yao yakakubaliwa. Mgomo wa 1912, uliofanyika baada ya Mamlaka kuundwa, ulikuwa na mwisho tofauti: Lord Devonport alikataa katakata kujadiliana, na wafanyakazi wakarudi kazini wakiwa wameshindwa huku familia zao zikiwa na njaa.

Tukio linalofunza zaidi, hata hivyo, ni la 1920. Mwaka huo serikali iliunda baraza la uchunguzi lililoongozwa na Lord Shaw, lisikilize madai ya wafanyakazi wa bandari ya ujira wa shilingi 16 kwa siku. Upande wa wafanyakazi ulitetewa na Ernest Bevin, ambaye hakuwa mwanasheria. Aliwahi kuwa mwendesha mkokoteni wa farasi huko Bristol. Waajiri walileta mtaalamu wa hesabu aliyeonyesha kwa takwimu kwamba familia ya mfanyakazi ingeweza kuishi kwa fedha pungufu kuliko hizo. Bevin hakuzijibu takwimu kwa takwimu peke yake. Alikwenda sokoni, akanunua chakula kile ambacho kwa mujibu wa hesabu hizo kingetosha, akakigawanya katika sahani kadiri ya fungu la kila mtu, akazileta sahani hizo mbele ya baraza. Kisha akauliza kama mtu aliyekula chakula kile angeweza kushinda kutwa akibeba magunia. Shilingi 16 zilikubaliwa.

Umuhimu wa kisa hiki katika hoja ya makala haya ni kwamba kinaonyesha aina nyingine ya kumtetea mtu wa bandari. Sahani za Bevin hazikuwa na sifa ndani yake. Hazikusema kwamba mfanyakazi wa London ni hodari kuliko wa Antwerp au Hamburg. Ziliuliza swali moja tu kuhusu mwili wake na chakula chake, na swali hilo lilihitaji jibu kutoka kwa yule aliyemlipa. Jarida lililoanzishwa miaka mitano baadaye, kwa gharama za mmojawapo wa waajiri hao, lisingeweza kuuliza swali kama hilo. Si kwa sababu mhariri wake alikosa huruma, bali kwa sababu jarida la mwajiri humsemea mwajiri, na humsifu mfanyakazi kwa yale yanayompendeza mwajiri.

Waliokuwa pembeni ya sifa

Palikuwa na kundi jingine ambalo maisha yake yalikuwa ya bandari kuliko ya mahali pengine popote, nalo ni mabaharia wa kigeni. Meli zilizofanya safari za Bahari ya Hindi zilichukua mabaharia wa Kihindi, Kiarabu, Kisomali na wa pwani ya Afrika Mashariki, na wengi wao walijikuta London wakingoja meli ya kurudi. Tangu 1857 kulikuwa na nyumba ya kuwapokea Waasia, Waafrika na watu wa visiwa vya Bahari ya Kusini katika mtaa wa Limehouse, karibu na magudi ya West India, ilifungwa 1937.

Mwaka ule ule wa 1925, ambao P.L.A. Monthly ilianza kuusifu mto, serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyowataka mabaharia wasio wazungu kujiandikisha kama wageni endapo hawakuwa na karatasi za kuthibitisha uraia wao. Wengi waliokuwa raia wa himaya hawakuwa na karatasi hizo, kwa sababu baharia hakuwahi kuzihitaji hapo awali. Mtu aliyezaliwa katika koloni la Mwingereza, akafanya kazi katika meli ya Mwingereza, akaoa na kuzaa watoto karibu na gudi la Mwingereza, akawa mgeni kwa kukosa karatasi.

Mwaka uliofuata, 1926, mhubiri mmoja aliyezaliwa Ceylon, Kamal Chunchie, alifungua katika mtaa wa Canning Town, jirani na gudi la Royal Victoria, nyumba ya kuwahudumia mabaharia weusi na familia zao. Palikuwa mahali pa kukutana, pa kupata chakula na pa kulelea watoto ambao hawakuchukuliwa vema kwingineko. Nyumba hiyo ilibomolewa 1930 ili kupisha upanuzi wa barabara, na Chunchie akatumia miaka mingi kutafuta fedha za kujenga nyingine bila ya kufanikiwa. Kama kupanua njia za kwenda magudini ni jambo la kusifiwa katika habari za maendeleo ya bandari, na bila shaka ni la kusifiwa, basi katika habari hiyo hiyo yafaa kutajwa nyumba iliyoondolewa na watu waliokuwa wakiitumia. Habari mbili hizi aghalabu huandikwa katika vitabu viwili mbalimbali, na mara chache husomwa na mtu mmoja.

Sifa zilipokwisha kazi yake

Mnamo 1937 Mamlaka iliagiza kingo zote mbili za mto zipigwe picha kwa mfululizo, kuanzia daraja la London hadi Greenwich, ghala kwa ghala na gati kwa gati. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba kazi hiyo itakuwa ya ukumbusho. Tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Kijerumani zilianza kuyashambulia magudi. Mbao za Surrey Commercial ziliwaka moto uliomulika mji mzima, na sukari iliyoyeyuka ikatiririka ikiwaka. Sehemu kubwa ya yale yaliyopigwa picha haikuonekana tena. Hapo ndipo inapodhihirika faida ya kweli ya kazi za Mamlaka na jarida lake: kwa kulisifu eneo kwa uangalifu, ziliacha kumbukumbu ambayo isingalikuwapo. Mtafiti anayelidharau jarida la bandari kwa kuwa ni la matangazo atajinyima ushahidi mwingi.

Baada ya vita mpango wa 1947 uliwaandikisha wafanyakazi wa bandari na kuwapa malipo ya chini hata siku wasipopata kazi, na mnamo Septemba 1967 ukibarua ukakomeshwa rasmi. Ilikuwa zaidi ya robo tatu ya karne tangu mgomo wa 1889. Lakini haki hiyo ilipofika, bandari yenyewe ilikuwa inahama. Makontena yalikuwa yameanza kuchukua mahali pa magunia na masanduku, na meli za makontena hazikuweza kuingia katika magudi ya zamani. Gudi la East India lilifungwa 1967, la St Katharine 1968, la London 1969, la Surrey Commercial 1970, la West India na la Millwall 1980, na yale ya Royal mwaka 1981. Kazi ikabaki Tilbury, kwa watu wachache na kreni kubwa.

Hakuna sifa zilizoweza kuyazuia hayo. Eneo lililokuwa limeelezwa kwa miaka mingi kuwa la wastadi wasio na kifani likawa, katika muda mfupi, eneo la watu wasio na kazi. Mnamo 1981 serikali iliunda shirika la kuliendeleza upya, na shirika hilo, lililodumu hadi 1998, likaanza kulisifu eneo lile lile kwa wasomaji wapya: ardhi ipo, maji yapo, nafasi zipo. Magudi ya West India yakazungukwa na majumba ya mabenki, na jumba refu la Canary Wharf likakamilika 1991. Wengi wa watoto wa makuli hawakuwa na elimu iliyotakiwa katika majumba hayo. Katika ghala moja la 1802 lililosalimika pale pale, makumbusho ya magudi yalifunguliwa 2003, na humo zimo hati za Mamlaka. Wazee waliokuwa wakisimama langoni kungoja kunyooshewa kidole waliweza hatimaye kuingia ghalani wakiwa wageni.

Upande wa Afrika Mashariki

Historia hiyo ina jambo la kufundisha katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako bandari zilisimamiwa kwa muda mrefu pamoja na reli. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948, na mnamo 1969 bandari zikapewa shirika lake lenyewe. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, kila nchi ikabaki na bandari zake, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya ikaundwa 1978. Shirika la reli na bandari lilikuwa na gazeti la wafanyakazi lililoitwa Sikio. Jina hilo lastahili kutafakariwa. Sikio ni kiungo cha kupokea, wala si cha kutoa sauti. Laweza kuwa sikio la mfanyakazi linalopokea habari kutoka kwa wakubwa, au sikio la wakubwa linalopokea malalamiko kutoka kwa mfanyakazi. Na thamani ya gazeti la namna hiyo hutegemea ni lipi kati ya hayo mawili.

Mwaka mmoja kabla ya shirika hilo kuundwa, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wameonyesha kwamba wanaweza kusema bila ya gazeti. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli na wa kazi nyingine za mji, waligoma. Walitoka makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kila siku walikusanyika kwenye uwanja mmoja, nao wakaupa jina lao: Kiwanja cha Maskini. Serikali ikalazimika kuunda baraza la kuchunguza ujira, na nyongeza zikatolewa. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao, alikamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Jina la uwanja ule halikuwa la kusifu. Hata hivyo lilikuwa jina walilojipa wenyewe, na lilieleza kwa nini wako pale.

Wala si kweli kwamba Waswahili hawakuwa na desturi ya kuusifu mji wa bandari. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840, aliusemea mji wa Mombasa na kuwajibu washindani wake kwa mashairi ambayo watu waliyahifadhi vifuani kwa miaka mingi kabla ya kuchapishwa. Tofauti ni kwamba sifa zake zilikuwa na mwenyewe anayejulikana, zilitungwa kwa lugha ya waliosifiwa, na zilisikilizwa na watu walioweza kumjibu siku hiyo hiyo. Masharti hayo matatu ndiyo yanayokosekana pale bandari inaposifiwa kwa lugha ambayo makuli wake hawaisomi, mbele ya mwekezaji ambaye hajafika.

Hali hii haijapitwa na wakati. Mnamo 2013 bandari mpya ya makontena, London Gateway, ilifunguliwa kwenye mto Thames na kampuni ya DP World ya Dubai, na 2023 kampuni hiyo hiyo ilitia sahihi mkataba na Tanzania wa kuendesha baadhi ya magati ya Dar es Salaam. Mjadala mkali uliotokea Tanzania kabla ya mkataba huo ulionyesha kwamba wananchi hawatosheki kuelezwa nafasi zilizopo; wanataka kujua pia nafasi hizo ni za nani.

Hitimisho

Imeonekana kwamba P.L.A. Monthly lilizaliwa na haja ya kuyapatia magudi meli, na kwamba lililisifu eneo lake kwa ujuzi na mapenzi ya kweli. Imeonekana pia kwamba mambo yaliyobadili maisha ya watu wa magudini, yaani peni 6 za 1889, shilingi 16 za 1920 na kukomeshwa kwa ukibarua 1967, yalipatikana katika kumbi nyingine, kwa maneno ya namna nyingine. Hii si sababu ya kulitupa jarida la bandari. Ni sababu ya kulisoma pamoja na hati za vyama vya wafanyakazi, za mabaraza ya uchunguzi, na za nyumba kama ile ya Chunchie.

Kwa upande wa Kiswahili kuna kazi ambayo haifai kucheleweshwa. Nakala za magazeti kama Sikio yafaa zikusanywe na kuhifadhiwa pamoja mahali zinapoweza kusomwa. Kadhalika yafaa kuandikwa maneno ya kazi ya wazee wa Kilindini na Dar es Salaam: kuli na hamali, karani na nyapara, sarahangi na tishari, pamoja na mengi ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Kontena limeondoa gunia begani mwa kuli, na jambo hilo ni jema. Lakini limeondoa pia kundi la watu waliokuwa wakiitana na kupokezana mzigo kwa maneno yao. Wazee waliobaki ni wachache. Atakayekwenda kuwasikiliza na aanze kwa kuwauliza majina yao, na ayaandike.